MWAROBAINI SI CHANJO YA MDONDO



Kila mwaka kiangazi kinapokolea na pepo zinapoanza kuvuma, habari huwa ile ile katika vijiji vingi. Asubuhi mama wa nyumba hufungua banda akakuta kuku wawili wamekufa. Jioni wamekuwa watano. Baada ya wiki mbili uwanja ni mtupu. Hakuna jogoo awikaye wala kifaranga aliaye. Ugonjwa huo ndio mdondo, ambao wengine huuita kideri.

Na kila mwaka, siku ile ile vifo vinapoanza, watu huanza kutwanga. Hutwangwa majani ya mwarobaini, hutwangwa pilipili kichaa, hukamuliwa shubiri mwitu, na maji yake hutiwa kigaeni wanyweshwe kuku. Wengine huongeza majivu, wengine tumbaku, na wako wanaofungua vidonge vya rangi mbili walivyopewa zahanati wakavimimina humo humo. Hata nyumbani kwangu tuliwahi kutwanga. Kwa hiyo sisemi haya kwa kumcheka mtu.

Ninalotaka kusema leo ni hili: hakuna mmea, wala mizizi, wala magome, ambayo hadi leo yamethibitishwa kuponya mdondo. Tunapotwanga siku ya vifo, tunapoteza wakati ambao ulikuwa wa kufanya kazi nyingine. Na tunapoacha kuchanja kwa sababu tuna mwarobaini nyuma ya nyumba, tunajitakia umaskini wenyewe.

Huenda msomaji akauliza kwa nini habari za kuku zimo katika ukurasa wa afya. Jibu ni rahisi. Yai moja ni chakula cha kujenga mwili cha mtoto aliyeachishwa ziwa. Kuku mmoja akiuzwa hununua madaftari, hulipa nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali, au humpatia mama mjamzito mahitaji ya kujifungulia. Katika nyumba nyingi kuku ndio akiba ambayo mama anaweza kuitumia bila kuomba ruhusa. Mdondo ukipita, akiba yote huondoka kwa siku chache, na afya ya watoto hufuata nyuma.

Mdondo ni ugonjwa wa aina gani?

Ugonjwa huu ulitambuliwa na wataalamu mwaka 1926 katika kisiwa cha Java, nchini Indonesia, na mwaka huo huo karibu na mji wa Newcastle, Uingereza. Ndiyo maana madaktari wa mifugo huuita ugonjwa wa Newcastle. Huletwa na kirusi. Kirusi ni kijidudu kidogo mno, kidogo kuliko bakteria, na maisha yake ni ya ajabu: hakiwezi kuzaana mpaka kiingie ndani ya chembe hai za mwili wa kuku na kuzifanya zikitumikie.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Minyoo hukaa tumboni, nje ya chembe za mwili. Dawa ikimfikia mnyoo humwua. Utitiri na chawa hukaa juu ya ngozi. Ukipaka dawa wanakufa. Lakini kirusi kimejificha ndani ya chembe zenyewe za kuku. Ukitaka kukiua kwa sumu kali, utamwua na mwenye nyumba. Kwa sababu hiyo dawa za kuua bakteria, kama tetrasaiklini, haziponyi mdondo hata kidogo, ziwe za kuku au za binadamu.

Dalili zake tunazijua. Kuku hujikunyata, hushusha mbawa, hupumua kwa shida, huharisha kinyesi cha kijani, na wengine hupinda shingo au kupooza miguu. Katika kundi ambalo halijachanjwa, vifo huweza kufika kuku wote. Ugonjwa hausafirishwi hasa na upepo wa kiangazi kama wengi wanavyodhani. Husafirishwa na sisi: kuku mgonjwa aliyenunuliwa mnadani, tenga lenye kinyesi, viatu vya mchuuzi, manyoya na matumbo ya kuku aliyechinjwa yakatupwa jalalani. Bata na njiwa nao huweza kuubeba bila kuonyesha ugonjwa.

Kwa nini tunaziamini dawa zetu?

Wako watakaosema: "Lakini mimi nimetumia shubiri na kuku wangu walipona." Siwaiti waongo. Nawaomba tuhesabu pamoja, maana kisomo tulichojifunza ni cha kutumia.

Tuchukue mfano. Nyumba ya kwanza ina kuku ishirini. Mdondo umeingia, mama ametwanga mwarobaini, kuku kumi na sita wamekufa, wanne wamebaki. Mama anasema: "Mwarobaini umeniokolea wanne." Nyumba ya pili ina kuku ishirini. Wenyewe walikuwa shambani, hawakutwanga kitu. Kuku kumi na sita wamekufa, wanne wamebaki. Je, hao wanne waliokolewa na nini? Si kila kuku hufa kwa mdondo. Wapo wenye bahati, wapo waliokwisha kuugua zamani wakapata kinga, wapo waliokuwa wakitembelea kwa jirani siku ya hatari. Bila kuitazama nyumba ya pili, hatuwezi kuijua kazi ya dawa katika nyumba ya kwanza.

Sababu ya pili ni kwamba kuku wana magonjwa mengi yanayofanana. Kuna homa ya matumbo, kuna kipindupindu cha kuku, kuna mafua, kuna kuharisha damu, kuna minyoo. Baadhi ya magonjwa hayo huletwa na bakteria au wadudu wengine, na yapo ambayo kuku hupona wenyewe akitunzwa vizuri. Mtu akimtibu kuku wa mafua kwa pilipili, kuku akapona, husema ameponya mdondo. Mwaka unaofuata mdondo wenyewe unapokuja, pilipili humwangusha.

Sababu ya tatu ni kwamba mdondo hukoma wenyewe. Unakoma kwa kuwa kuku wa kuambukizwa wamekwisha. Dawa iliyotolewa siku ya mwisho ndiyo hupewa sifa.

Mmea ndani ya chupa, na mmea tumboni mwa kuku

Vijana wetu waliosoma huleta hoja nyingine. Husema kwamba hata vyuo vikuu vimeona kuwa mimea inaua virusi. Hoja hii ina ukweli ndani yake, nayo yafaa ielezwe vizuri.

Ni kweli kwamba mimea ina vitu vyenye nguvu. Mwarobaini una azadiraktini, ambayo huzuia wadudu kula na kukua. Pilipili ina kapsaisini, ndiyo inayochoma ulimi. Kitunguu saumu kikipondwa hutoa alisini, yenye ile harufu yake. Wataalamu wa nchi nyingi hukamua vitu vya namna hii, wakaviweka pamoja na kirusi cha mdondo katika mayai yenye kiinitete au katika chembe zinazokuzwa maabara, na mara nyingine huona kirusi kimeshindwa kuzaana.

Lakini chupa ya maabara si kuku. Ndani ya chupa, dawa humwagwa juu ya kirusi moja kwa moja, kwa kipimo ambacho mtaalamu anakijua. Tumboni mwa kuku, dawa hukutana na pumba, mchanga na maji ya firigisi; sehemu yake huharibika, sehemu hutoka na kinyesi, na kiasi kinachofika kwenye mapafu na ubongo, ambako kirusi kinafanya kazi, huenda kikawa kidogo mno. Ukiongeza kipimo ili kifike, unaweza kumdhuru kuku kabla kirusi hakijamdhuru. Tena, majani ya mti mmoja hayalingani nguvu wakati wa masika na wakati wa kiangazi, wala jani changa na jani kuukuu. "Konzi mbili" za mama huyu si "konzi mbili" za yule.

Hapa kwetu jambo hili limekwisha kupimwa. Wataalamu waliofanya kazi katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, hawakuzidharau dawa za wakulima. Walizichukua na kuzijaribu kwa kuku walioambukizwa mdondo kwa makusudi. Mwaka 1999 walichapisha matokeo ya kujaribu pilipili, limau na mpungate, na mwaka 2002 wakachapisha ya shubiri mwitu. Kwa shubiri, vifo vilionekana kupungua kwa kiasi fulani, wala havikukoma. Hakuna hata moja kati ya dawa hizo iliyotoka humo ikiwa tiba ya kutegemewa, wala mbadala wa chanjo. Kupunguza vifo kidogo ni habari njema kwa mtaalamu anayetafuta njia. Kwa mama mwenye kuku ishirini, maana yake ni kwamba bado atazika wengi.

Tusidharau mitishamba

Nikifika hapa najua wazee wataninung'unikia kwamba ninaitukana elimu ya mababu. Sivyo. Elimu ya mababu inastahili heshima, na heshima kubwa kuliko zote ni kuipima.

Kwinini ilitoka katika magome ya mti wa sinkona. Dawa ya mseto tunayopewa zahanati kwa ajili ya malaria ina kitu kiitwacho atemisinini, kilichotolewa katika mmea wa jamii ya pakanga. Aliyeongoza kazi hiyo ni mama mmoja wa China, Tu Youyou. Alisoma vitabu vya tiba vya kale vya nchi yake, akaona kwamba waganga wa zamani waliuloweka mmea huo katika maji wala hawakuuchemsha. Yeye na wenzake walipoacha kutumia moto mkali, mwaka 1971 na 1972, ndipo walipoipata dawa yenyewe. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Angeamini tu bila kupima, watu wangeendelea kunywa maji ya majani yaliyochemshwa na kufa. Angedharau bila kusoma, dawa isingepatikana.

Hata kwa kuku, mimea ina kazi yake. Pareto, zao linalolimwa katika nyanda zetu za juu za kusini, huua wadudu, na nguvu yake imepimwa miaka mingi. Majivu makavu katika shimo la kuogea huwasaidia kuku kupunguza chawa na utitiri. Mchicha na majani mabichi huwapa kuku vitamini. Mambo haya tuyaendeleze. Lakini kila chombo na kazi yake: jembe halichoti maji, na mtungi haulimi.

Tena tuwe macho na madhara. Tumbaku ni sumu. Inaweza kumwua kuku na kumdhuru mtoto anayeichezea. Vidonge vya binadamu vikimwagwa kwa kuku, mabaki ya dawa huingia katika nyama na mayai tunayokula, na bakteria huzoea dawa hizo. Siku mwanao atakapougua kweli kweli, dawa ile ile haitamsaidia. Huku ndiko kunakoitwa usugu wa dawa, nao unaanzia katika kigae cha kuku kama unavyoanzia zahanati.

Chanjo ipo

Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa mdondo kinga ndiyo njia pekee, kwa sababu tiba haipo.

Zamani chanjo ilikuwa na taabu moja kubwa. Ilitaka ubaridi tangu kiwandani mpaka bandani, na vijijini barafu ilikuwa ndoto. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walitafuta kirusi cha mdondo kilicho kipole, kisichomdhuru kuku, na kinachostahimili joto kuliko vingine. Wakakipata, wakakiita I-2, na mbegu yake ikagawiwa nchi zinazoendelea ili zijitengenezee zenyewe. Hapa Tanzania hutengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Hii ni chanjo yetu, si bidhaa ya kungojea meli.

Matumizi yake hayahitaji sindano. Ni tone moja katika jicho moja, kwa kila kuku, mkubwa kwa mdogo, kipimo ni kile kile. Unamshika kuku, unamlaza ubavu, unadondosha tone, unangoja apepese jicho, unamwachia. Kazi hii mtu yeyote aliyefundishwa anaweza kuifanya. Hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Ukichukua Januari, Mei na Septemba, hutasahau.

Yapo mambo ya kuangalia. Kustahimili joto si kustahimili jua. Chanjo ikaye mahali pa baridi, na ikisafirishwa ifungwe katika kitambaa chenye maji, kivulini. Ikishachanganywa, itumike siku hiyo hiyo. Chanjo ni kirusi hai kilicho kipole, kwa hiyo ukiitoa katika maji ya kunywa, usiyatie dawa ya kusafishia maji, wala maji ya mwarobaini, wala dawa nyingine yoyote. Utakuwa umeiua chanjo yako mwenyewe.

Wako wasemao kwamba chanjo huua kuku. Yafaa waulizwe: ilitolewa lini? Kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka mwilini. Kuku aliyekwisha kuambukizwa atakufa hata akichanjwa, na lawama itaangukia chanjo. Chanja kuku wazima, kabla ya msimu. Tena chanjo ya mdondo huzuia mdondo tu. Kuku aliyechanjwa bado anaweza kufa kwa ndui au kwa kicheche.

Lawama si za mkulima peke yake

Sasa niseme na upande wa pili. Watu hawatwangi mwarobaini kwa upumbavu. Wanatwanga kwa sababu mwarobaini upo nyuma ya nyumba na chanjo ipo mjini. Chupa moja ya chanjo hutosha kuku mia au zaidi, na mama ana kuku kumi. Atanunua chupa nzima kwa nini? Muuza dawa naye, badala ya kumwambia ukweli, humwuzia pakiti ya tetrasaiklini kwa ajili ya mdondo. Huo ni wizi, hata kama una risiti.

Mwezi Juni 2025 ilizinduliwa mkoani Simiyu kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, na kuku nao wamo. Hilo ni jambo jema. Lakini kampeni hupita, na mdondo hurudi kila mwaka. Maofisa ugani waone kwamba kazi yao haijakwisha mpaka kila kitongoji kiwe na mchanjaji wake, mwanamke au mwanamume, aliyefundishwa na anayejua mahali pa kupata chupa.

Nasi tusikae kungoja. Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vyao, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Hakuna aliyechimbiwa choo na mtaalamu. Kazi ya chanjo ni nyepesi kuliko kuchimba choo.

La kufanya

Kaeni nyumba kumi au kumi na tano. Hesabuni kuku wenu wote. Changeni fedha za chupa moja, kila nyumba kwa idadi ya kuku wake. Pangeni siku moja, asubuhi na mapema, kuku wakiwa bado bandani. Mchanje wote siku hiyo, maana nyumba moja ikibaki nje ndiyo mlango wa ugonjwa.

Nunueni daftari moja. Andikeni tarehe, jina la nyumba, idadi ya kuku waliochanjwa, na baadaye idadi ya waliokufa. Mwaka ukiisha, daftari hilo liwe hakimu kati ya chanjo na kinu. Nina hakika litakavyohukumu, lakini msiniamini mimi, hesabuni wenyewe.

Kuku mgeni akae peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wengine. Kuku wakianza kufa, usiwakimbize mnadani kuwauza. Utakuwa umeuhamishia ugonjwa kwa ndugu yako. Mizoga ichomwe au izikwe chini sana, mbwa wasiifukue. Nawa mikono kwa sabuni, maana mdondo huweza kumwambukiza mtu macho mekundu yanayowasha, na usiwaache watoto wachezee kuku wagonjwa.

Na vifo vya ghafla vikiwa vingi, mwite bwana mifugo au bibi mifugo siku hiyo hiyo, usimfiche. Mafua makali ya ndege huanza kwa dalili zinazofanana na mdondo, na baadhi ya aina zake huambukiza binadamu. Mwezi Januari 2017 yaliwaua ndege wengi nchini Uganda, kando ya Ziwa Victoria, ziwa hili hili tunalovua samaki. Mtu anayetwanga dawa kimya kimya nyuma ya nyumba hujificha na ugonjwa asioujua. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Mti wa mwarobaini tuuache usimame. Kivuli chake ni kizuri, na ndipo mahali pa kukutana siku ya kuchanja.